Bembea ya Ng'ombe wa Mihayo

Tusidanganyane. Siku ile ng'ombe wangu walipopandishwa kwenye bembea kwa mara ya kwanza, nilicheka mpaka wifi yangu Rhoda akaniziba mdomo kwa kanga yake. Ng'ombe sita wamesimama juu ya sahani kubwa ya chuma, vichwa ndani, makalio nje, wanazungushwa polepole kama maharusi wanaoonyeshwa kwa wageni! Korosho, mmoja wao, ambaye tangu azaliwe hajakanyaga kitu kinachotembea, alitoa macho akaachia kinyesi kotekote. Mume wangu Mihayo alikuwa amesimama kando na shati lake jeupe la kanisani, mikono nyuma. Basi nikacheka. Sikujua kwamba wiki haitaisha kabla chuma hicho hicho hakijaniliza.

Bembea ndilo jina letu sisi wa nyumbani, na majirani wakalidaka mpaka Kolandoto. Mihayo mwenyewe alisema ni jukwaa la kukamulia. Alikuwa ameliona kwenye simu, video ya nchi ya mbali huko: ng'ombe wanapanda mmoja mmoja, jukwaa linazunguka taratibu, mkamuaji amesimama pale pale anawavalisha vikombe vya mashine kwenye chuchu. Ng'ombe akimaliza kuzunguka, maziwa yamekwisha, anashuka zake.

"Unaona, Mama Lusia?" aliniambia. "Huendi kwa ng'ombe. Ng'ombe anakuja kwako."

Nilimwelewa, tena vizuri. Tuna ng'ombe kumi na wanane wanaokamuliwa, chotara wote. Mimi na Rhoda tulikuwa tunaanza saa kumi alfajiri, tunakamua kwa mkono, na tunapomaliza jua limeshachomoza na vidole havikunjiki. Gari la kukusanya maziwa linapita barabarani saa mbili kamili, na dereva wake hamsubiri mtu, hata uwe umemzaa. Siku tatu katika wiki linatuacha. Maziwa yanaganda, tunakunywa mtindi sisi, mbwa na nguruwe wa jirani. Kwa biashara ya namna hiyo huwezi kumwambia mwanamume aache kuchimba dhahabu.

Na hilo ndilo nililokuwa nalitaka kuliko kitu chochote duniani, Mihayo aache kuchimba.

Alikuwa duarani Nyarugusu, mkoani Geita, miaka kumi na mitano. Duara, kwa asiyejua, ni lile shimo lenyewe, mita sitini kwenda chini, mtu anashushwa kwa kamba. Masika ya mwaka jana lilititia na watu wawili ndani. Chacha, mume wa Rhoda, alibaki huko mpaka leo. Mihayo alivutwa na winchi siku ya pili akiwa hai. Niliitwa, nikaenda, nikasimama mbali pamoja na wanawake wengine kwa sababu hatukuruhusiwa kusogea. Nilipomwona anatokeza amejaa vumbi, sikumtambua mpaka aliposema maji. Tangu siku ile nikisikia simu yake inaita, roho inanipaa.

Anayepiga ni Magesa, mkuu wa kundi lao. Magesa hana ubaya, ila hana habari nyingine. Mwamba wa dhahabu umekaribia, kaka. Tunakusubiri wewe tu, kaka. Mihayo akamwambia mbele yangu, sauti ya simu ikiwa wazi: "Nimejenga mashine ya kukamulia. Nimejipa wiki moja. Ikifanya kazi, mimi nimestaafu. Ikikataa mpaka Jumamosi, Jumapili mniandalie kamba."

Wiki moja! Mtu hata suruali kwa fundi cherehani anasubiri wiki mbili.

Mashine aliiunda Enock, fundi wa kuchomelea wa kule kule machimboni, mtu mnene mpole anayeniita shemeji. Ile sahani imekaa juu ya pete ya kuzungukia ya kijiko kilichokufa, lile gari la kuchimbia. Mipira na vikombe vya kukamulia walivinunua Mwanza. Na mota inayozungusha yote ni ya ile ile winchi iliyomvuta Mihayo kutoka chini. Aliinunua yeye mwenyewe, akaisafisha kwa brashi ya meno, akaifunga chini ya jukwaa kwa mikono yake. Sikuuliza kwa nini. Nilipaswa kuuliza.

Jumatatu asubuhi, baada ya kucheka, nilifunga kanga kiunoni, nikachukua ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni, nikaanza kupanda. Mihayo akanishika mkono.

"Wewe hapana."

"Hapana nini?"

"Mwanamke hapandi hapa. Na sabuni peleka kule. Na tusipige mluzi."

Nikamtazama Enock. Enock akatazama viatu vyake.

Ngoja nieleze, maana mtu wa mjini anaweza kudhani mume wangu alikuwa amelewa. Kundi lao lina miko. Mwanamke hasogelei mdomo wa duara. Chini hakupigwi mluzi, mwamba unakasirika. Na siku ya kushuka hunawi kwa sabuni, wala mikono, wala uso, kwa sababu sabuni inaosha bahati. Miaka kumi na mitano nimeishi na mwanamume ambaye nikimwona ananawa kwa sabuni asubuhi najua leo yuko likizo. Nilizoea. Miko ya shimo ikae shimoni, mimi inanihusu nini? Sasa kaileta zizini kwangu!

"Baba Lusia," nikasema, "hili ni zizi au ni duara?"

"Mota ni ya duarani."

"Na ng'ombe ni wa wapi? Nao wametoka chini ya ardhi?"

Mdomo wangu hauna breki, najua. Akakasirika, nikakasirika, Rhoda akanivuta. Wakabaki wenyewe, wanaume wawili wenye mikono myeusi kwa grisi, wanawavalisha ng'ombe wangu vikombe kimya kimya kama watu wanaoiba. Bembea ikazunguka vizuri, sitaki kuinyima haki yake. Pampu ikavuta, vikombe vikapigapiga, tss-tss, tss-tss. Ng'ombe sita walimaliza mzunguko mzima. Enock akafungua chombo. Ndani mlikuwa na maziwa ya kutosha chai ya msibani, tena msiba wa mtu asiyependwa.

Ng'ombe anaweza kuzuia maziwa. Wanaokamua wote wanalijua hili. Asipokuamini anayafunga juu huko, utavuta mpaka kesho. Wangu niliwalea mwenyewe. Kila mmoja naanza kwa kumwita jina, namwosha kiwele kwa maji ya moto na sabuni, namkanda, huku nampigia mluzi mdogo kwa katikati ya meno. Mluzi wenyewe hauna wimbo. Lakini Korosho akiusikia tu, maziwa yanaanza kudondoka kabla sijamgusa. Sasa hesabu mwenyewe: sauti yangu, sabuni, mluzi. Vitu vitatu wanavyovihitaji ng'ombe, na mume wangu kavipiga marufuku vyote vitatu kwa siku moja.

Jumanne ikawa vile vile. Jumatano Enock akabadilisha mipira. Alhamisi wakapunguza kasi ya mota, wakaongeza nguvu ya pampu, na Bibi Harusi, ng'ombe mtulivu kuliko wote, akamtandika Enock teke la paja akawa anatembea upande upande. Kila siku, wakishakata tamaa, ng'ombe wanaletwa kwangu chini ya kibanda cha zamani, nawaita, nawaosha, napiga mluzi, wanamwaga maziwa. Halafu gari limeshapita.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia kupitia kwa Rhoda. Alhamisi jioni, wakati wa kula, nilijaribu mara ya mwisho.

"Niache nipande mara moja tu. Wakikataa nitanyamaza."

"Wewe kunyamaza?" Rhoda akaguna.

Mihayo hakucheka. Aliweka tonge chini. "Mama Lusia, ile mota ndiyo iliyonitoa. Kamba ilikuwa imechakaa, ingekatika, haikukatika. Mota ilikuwa inazimika kila siku, siku ile haikuzima. Tulikuwa wawili mle ndani, nikatoka mimi. Sasa unataka niicheze shere? Niimwagie sabuni?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hana ubishi, ana woga. Nikamhurumia, kweli nikamhurumia. Rhoda aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado vina chakula. Hata hivyo huruma haikamui ng'ombe, na mtu anayeogopa kuiudhi mota ndiye huyo huyo aliyekuwa anafunga mizigo ashuke tena mita sitini. Nililala na hasira na huruma pamoja, sikujua nishike ipi.

Ijumaa Madamu akaamka na kiwele kigumu, cha moto. Kule kuzuia maziwa kila asubuhi na kukamuliwa kwa kuchelewa kulikuwa kunaanza kumharibia. Nilimkanda na kumkamua kwa mkono asubuhi nzima, machozi yananitoka, mpaka kikalainika. Mihayo alisimama akaona. Mchana nikamsikia anampigia Magesa: hakuna haja ya kungoja Jumapili, kesho asubuhi anapanda basi la Geita.

Ndugu yangu, niliingia chumbani, nikakaa kitandani, nikaiona kofia yake. Kofia ngumu ya njano yenye taa, imechungulia kwenye begi lililofungwa zipu nusu. Mchimbaji hashuki bila kofia yake, na wa kundi lao hashuki na kofia ya mwenzake, hiyo nayo ni miko. Nikafikiri kidogo. Kisha nikafungua begi, nikaitoa, nikaweka sufuria kuukuu mahali pa kofia ili uzito usimshtue, nikafunga zipu. Sijutii.

Jumamosi akaondoka alfajiri kwa bodaboda. Aliniaga mlangoni. "Kaeni salama." Nikamjibu, "Nenda salama," maneno hayo hayo Rhoda aliyomwambia Chacha.

Pikipiki ilipopotea, nikageuka. "Rhoda, chemsha maji."

Enock alikuwa ameanza kufungua nati za mashine yake ili naye aondoke. Aliponiona nakuja na ndoo, na sabuni, na ile kofia ya njano mkononi, akasimama mbele ya ngazi na spana yake.

"Shemeji, tafadhali. Kaka amekataza."

"Kaka yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Basi na katazo lake limeondoka. Washa."

"Shemeji, mota ikizima mimi nitasema nini?"

"Fundi," nikamwambia, "nimeolewa na mota hii wiki nzima. Nimechoka. Washa, au nakupandisha wewe juu nikuvalishe vikombe."

Akawasha. Mtu mnene yule alikimbia!

Tulipandisha sita wa kwanza. Nilisimama pale wanapopita, mahali pamoja, kama kwenye ile video. Nilikuwa nimegeuza kofia ya Mihayo juu chini, nikaining'iniza kwenye bomba kwa ule mkanda wake wa kidevuni, nikaijaza maji ya moto na sabuni. Ilikuwa beseni zuri, la kimo sawa kabisa. Wa kwanza kunifikia alikuwa Korosho, anatetemeka.

"Korosho, mama. Korosho wa mimi. Nani kakutisha?"

Nikamwosha. Nikamkanda. Nikaweka ulimi nyuma ya meno nikapiga mluzi.

Alishusha pumzi. Nyie, ng'ombe mzima akashusha pumzi, masikio yakalala, na maziwa yakaanza kudondoka kwenye chuma kabla sijafika na kikombe. Nikamvalisha. Bembea ikamsogeza, ikaniletea Bibi Harusi. Nikamwita, nikamwosha, nikapiga mluzi, nikamvalisha. Ikamsogeza. Sikuinama, sikubeba kigoda, sikuhamisha mguu. Alipokuja Madamu nilimshika polepole, kiwele kilikuwa laini, akaachia. Kwenye mpira unaopitisha mwanga niliyaona maziwa yanapita meupe, yamejaa, hayakatiki. Rhoda aliyekuwa anaangalia chombo akapiga kigelegele. "Mayu! Mama wee, yanajaa!"

"Mota?" nikamuuliza Enock.

Enock alikuwa ameweka kiganja juu ya mota kama anapima homa ya mtoto. "Inazunguka, shemeji. Haijali kitu."

Sita wa kwanza wakashuka wenyewe, sita wengine wakapanda. Jua lilikuwa bado halijatoka. Nilikuwa napiga mluzi kwa nguvu sasa, bila adabu, sabuni imenifika viwikoni, ndipo nikasikia pikipiki inarudi kwa kasi na sauti ya mume wangu tangu getini.

"Mama Lusia! Kofia yangu iko wapi? Mtu anafungua begi kituoni mbele ya abiria anatoa sufuria! Sufuria, Mama Lusia!"

Alikuja anapiga hatua kubwa mpaka kwenye kona ya kibanda. Akasimama. Mimi sikuacha kazi. Nilikuwa na Vumilia mbele yangu, na Vumilia ukimwacha katikati anasusa. Nikamaliza kumwosha, nikampigia mluzi, nikamvalisha. Mihayo aliangalia mikono yangu, akaangalia povu linavyotiririka kwenye sahani, linachuruzika kando, linadondokea juu ya kifuniko cha mota yake. Nilimwona anangoja. Alikuwa anangoja izime, au chuma kikatike, au kitu fulani kitokee, uso umemkauka kama siku ile walipomtoa.

Bembea ikazunguka. Ikaniletea mwingine.

"Wangapi?" akauliza, sauti ndogo.

"Huyu wa tisa," Rhoda akajibu. "Chombo cha kwanza kimejaa, kaka. Tumekifunika."

"Gari?"

"Gari bado sana."

Akakaa kwenye ukingo wa birika la kunyweshea, begi mapajani. Akautazama mzunguko mzima. Kisha akasema, si kwangu, labda kwa mota: "Haijakasirika."

"Ikasirike kwa nini?" nikasema. Nilitaka kuwa mkali, sauti ikagoma. "Baba Lusia, kama mota hii ilikuwa inakupenda ikakutoa kule, unafikiri inataka kukuona unarudi? Mimi ningekuwa mota ningekuzabua makofi."

Enock alicheka akajificha nyuma ya nguzo. Mihayo hakucheka, lakini mabega yalimshuka. Nilikuwa sijayaona yakishuka tangu masika ya mwaka jana.

Walibaki sita wa mwisho, na mimi nilikuwa peke yangu na mikono miwili tu. Vikombe vinahitaji mtu wa kuvalisha na mtu wa kuosha. "Nahitaji mtu," nikasema. Akainuka, akaweka begi chini, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Ishia hapo hapo," nikamwambia. "Hapandi mtu hapa na mikono michafu. Nawa kwanza."

Alitazama ile kofia. Hapo ndipo alipoitambua, nadhani, maana aligusa taa yake pembeni, ikiwa imelowa, akafuta tone kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na maji ya moto, na kipande cha sabuni kinaelea. Sisi wote tukanyamaza. Hata mimi. Rhoda alikuwa amekumbatia mfuniko wa chombo kifuani. Na simu ya Mihayo, ndani ya mfuko wa shati, ikaanza kuita. Tulijua ni nani, basi la Geita lilikuwa karibu kuondoka na Magesa alitaka kujua kama kaka amepanda.

Mihayo akakunja mikono ya shati. Akatumbukiza mikono yote miwili, akachukua sabuni, akaisugua mpaka povu likafunika vinyweleo vyeusi vya mikononi, mpaka kwenye viwiko. Simu ikaita ikakatika, ikaita tena.

"Rhoda," akasema, "nitolee hiyo simu. Mikono yangu ina sabuni."

Rhoda akaitoa, akaiweka sikioni. Tulimsikia Magesa anaongea haraka haraka.

"Mwambie nimenawa," Mihayo akasema.

"Anasema amenawa," Rhoda akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na sauti yake imenyooka kabisa. "Ndiyo. Kwa sabuni. Mikono yote miwili, shemeji, mimi mwenyewe namwona."

Magesa akasema, tukasikia wote kwa sababu pampu ilikuwa kati ya pigo na pigo: "Basi. Msalimie sana." Akakata. Mtu aliyenawa hashuki, Magesa hahitaji kuelezwa.

Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya fundi, mbele ya ng'ombe, sikujali, mwaka mzima wa roho juu juu ukanitoka kwa mkupuo. Mihayo akapanda ngazi, akasimama kando yangu, mikono imeinuliwa inadondosha maji, hajui aniguse au asiniguse. Bembea ilikuwa inatuletea Madamu wa pili, mdogo wake, anayependa kupiga mateke.

"Sasa nifanye nini?" akaniuliza.

Nikapangusa pua kwa bega, nikamshika mikono, nikaigeuza nikaikagua. Chini ya kucha bado kulikuwa na weusi wa Nyarugusu.

"Kucha," nikamwambia. "Rudi ukasugue na kucha."

Akarudi akasugua.